Kitabu kwa Kifaransa, Ubishi kwa Kiswahili

Mwaka 1965, mji wa Lubumbashi ukiwa bado unaitwa Elisabethville, mtu mmoja aliyeitwa André Yav alikamilisha maandishi ya kurasa thelathini na ushei. Yalipigwa taipu, yakatolewa nakala kwa stensili, yakaanza kupita mkono kwa mkono. Yav aliandika kwa niaba ya wenzake, watu waliozeeka wakiwa maboyi: wapishi, madobi, watumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu. Kazi hiyo waliiita kwa Kifaransa Vocabulaire, orodha ya msamiati ya mji wa Elisabethville. Anayeifungua akitafuta msamiati hatauona. Atakachokuta ni historia ya mji tangu kuanzishwa kwake: mabwana na tabia zao, mishahara, manyanyaso, nani alimfuata nani, na nani alimwogopa nani. Yote yameandikwa kwa Kiswahili kile kile walichokisema watu wa mitaa ya Kamalondo na Kenya mjini humo, si kile cha vitabu vya wamisionari.

Nakala moja ilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiswahili cha Katanga, eneo la Kongo ambamo mji huo umo, alikijua vizuri, lakini alipoyafungua maandishi yale alikwama. Maneno yalikuwa yamekatwa katikati au yamegandishwa pamoja, nukta zilitua zilipopenda, na tahajia ilibadilika kutoka mstari hadi mstari. Ilibidi ampe msaidizi wake, Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, ayasome kwa sauti huku kinasa sauti kikizunguka. Hapo ndipo maandishi yalipofunguka. Kila kipande kilichoonekana kama kosa machoni kilikaa mahali pake masikioni. Fabian alichapisha matokeo ya kazi hiyo mwaka 1990, yakiambatana na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho kutoka Austria.

Kisa hicho hutajwa zaidi na wanaisimu, lakini kinaeleza jambo kuhusu usomaji wa Lubumbashi kwa ujumla. Vitabu vya mji huu, kwa zaidi ya miaka mia moja, vimekuja kwa lugha moja, na mazungumzo juu ya vitabu hivyo yamefanyika kwa lugha nyingine. Kitabu ni cha Kifaransa. Ubishi ni wa Kiswahili. Baina ya hivyo viwili daima kuna mtu anayesoma kwa sauti, anayefupisha, anayetafsiri papo hapo na kuongeza chumvi yake. Anayetaka kujua watu wa Lubumbashi walisoma nini na walipendekezana vitabu vipi asitazame rafu za maktaba peke yake. Amtafute mtu huyo wa katikati.

Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910, reli iliyotoka Rhodesia ilipoingia kuifuata shaba. Magazeti hayakukawia: L'Étoile du Congo lilikuwa mitaani mwaka 1911, nalo Journal du Katanga mwaka huo huo. Yalikuwa magazeti ya Wazungu yaliyoandika habari za Wazungu. Reli hiyo hiyo ilileta pia karatasi za Kiingereza kutoka kusini, pamoja na makarani waliosoma shule za misheni za Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, watu waliojua kuandika barua na kujumlisha hesabu. Wabelgiji hawakulala usingizi mnono. Walihofia mji wao wenye utajiri usije ukawa kitongoji cha Waingereza, na baadhi ya watafiti wanaona hofu hiyo kuwa sababu mojawapo ya Kiswahili kusukumwa mbele kama lugha ya kazi, ingawa bahari iko mbali na wenyeji wa eneo hilo walisema lugha nyingine kabisa.

Sehemu kubwa ya Kiswahili cha mwanzo kuchapwa kwa ajili ya mji huo ilikuwa vijitabu vya mabwana wageni, viwasaidie kuwaamrisha watumishi wao. Fabian alivichambua vingi na kuonyesha jinsi amri zilivyotawala humo: leta, ondoa, fua, harakisha. Ni vigumu kuamini kwamba maboyi wa Yav hawakuwahi kuviona vijitabu hivyo mezani walipokuwa wakipangusa vumbi. Ikiwa waliamua makusudi kuipa historia yao jina la namna hiyo hiyo, basi ni kejeli ya hali ya juu. Ikiwa haikuwa makusudi, kejeli imebaki pale pale.

Katika miaka ya 1920 na 1930 kusoma kulikuwa jambo la kushukiwa. Vitabu na majarida ya Watch Tower vilivuka mpaka kutoka Rhodesia vikiwa ndani ya mabegi ya wafanyakazi, na kutokana na usomaji wake likakua vuguvugu la Kitawala, ambalo serikali ililiandama kwa marufuku na kuwahamishia wafuasi wake mbali. Mafundisho hayo hayakuhitaji kila muumini ajue kusoma. Alitosha mmoja katika kambi ya wafanyakazi, na wengine wakamzunguka baada ya zamu. Ndiyo maana polisi walimwogopa msomaji mmoja kuliko sanduku zima la vitabu.

Njia nyingine ya kuwadhibiti wasomaji ilikuwa kuwapa cha kusoma. Mwaka 1934 gazeti la Ngonga lilianza kutolewa Elisabethville kwa ajili ya Waafrika, likiwa na Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Halikudumu, mwaka uliofuata lilikuwa limekwisha. Makarani na walimu, waliokuwa wasomaji wake, walikuwa wachache, na gazeti lililosimamiwa na mkoloni lisingeweza kugusa yale yaliyowachoma. Yaliyowachoma yalilipuka Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walipogoma kudai nyongeza. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alikuwa karani, mtu wa kalamu anayeweza kusimama mbele ya gavana na kumweleza kwa Kifaransa yale ambayo umati nyuma yake ulikuwa ukisema kwa Kiswahili. Alipigwa risasi tarehe 9 kwenye uwanja wa mpira, pamoja na makumi ya wenzake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kitabu kimoja kilichochapwa mjini humo kilizunguka dunia. Placide Tempels, padri Mfransisko, alikuwa ameandika kwa Kidachi mfululizo wa makala juu ya fikra za Wabantu. Wakili wa Elisabethville, Antoine Rubbens, aliyafasiri kwa Kifaransa, na mwaka 1945 wachapishaji wa Lovania wakayatoa kama La philosophie bantoue. Askofu de Hemptinne, aliyekuwa na nguvu mjini pengine kuliko gavana, hakupendezwa hata kidogo. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1946 na ilipita miaka mitatu kabla ya kuonekana tena Kongo. Lakini mwaka 1949 Présence Africaine ilikichapa upya mjini Paris, na tangu hapo wanafalsafa wa Kiafrika wamekuwa wakigombana nacho: wengine wakikishukuru, wengine wakikichana vipande.

Hayo ni ya wanafalsafa. Kilichotokea Katanga kwenyewe kinavutia zaidi. Tempels aliporudi alipelekwa kwa wachimba migodi wa Kolwezi, na huko mawazo ya kitabu yakaanza maisha mengine. Wafanyakazi na wake zao, wengi wao wasiokuwa na haja ya kusoma Kifaransa cha Rubbens, walikaa pamoja jioni wakijadili uzima, uzazi na mapendo. Kundi hilo likaitwa Jamaa, likaenea hadi kambi za Elisabethville na nje ya Katanga. Mafundisho yake yalitolewa kwa mdomo, kwa Kiswahili, na mtu aliingia hatua kwa hatua, mume na mke pamoja. Pengine hakuna kitabu kingine cha falsafa kilichochapwa Afrika katika karne hiyo kilichojadiliwa kwa shauku namna hiyo na watu ambao hawakukishika mkononi.

Wakati huo huo tabaka la wasomi wa kikoloni, wale walioitwa évolués, lilikuwa likijenga desturi zake. Walikutana katika vilabu vilivyosimamiwa na mapadri, wakasikiliza mihadhara, wakasoma La Voix du Congolais, jarida lililotoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) kuanzia 1945 hadi 1959 chini ya Antoine-Roger Bolamba. Kusoma kulikuwa pia mtihani wa kisheria. Aliyetaka kadi ya sifa ya uraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, alipaswa kuonyesha kwamba anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Na aliyetaka daraja la juu zaidi alikaguliwa hadi nyumbani kwake. Ni vigumu kukipenda kitabu kilichogeuzwa cheti. Hata hivyo waliokipenda walikuwepo, na baadhi yao ndio walioingia siasa mwaka 1960.

Wanawake waliachwa nje karibu kabisa. Kampuni iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika na kulea watoto. Kalamu ilikuwa ya waume. Mkongomani wa kwanza mwanamke kumaliza masomo ya sekondari, Sophie Kanza, alipata diploma yake mwaka 1961, uhuru ukiwa umekwisha kuja.

Kuanzia 1957 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na kitu kimoja cha kusoma kwa pamoja: Mwana Shaba, jarida la Union Minière, ambalo Gécamines iliendelea nalo baada ya kampuni kutaifishwa. Lilieleza uzalishaji, waliostaafu, waliopewa nishani, michezo, na jinsi mama mwema anavyopanga nyumba. Watoto nao walipata Mwana Shaba Junior lenye hadithi za katuni. Mtu mkali anaweza kusema ulikuwa ubaba wa kampuni uliochapwa kwa wino, na hatakuwa amekosea. Lakini vizazi viwili vya watoto wa kambi vilikwenda moja kwa moja kwenye kurasa za katuni, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza waliyoisoma bila kulazimishwa na mwalimu.

Chuo kikuu kilifunguliwa Novemba 1956. Rais Mobutu alipoviunganisha vyuo vyote vya nchi mwaka 1971, kitivo cha fasihi na lugha kilipelekwa Lubumbashi, na mji wa migodi ukajikuta ghafla na waandishi wengi kupita kiasi. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifundisha hapo na kutoa riwaya zake zilizosomwa sana: Entre les eaux mwaka 1973, kisha Le bel immonde na L'écart. Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi ambaye katika miaka ya 1960 aliwakusanya vijana wenzake wa Kinshasa katika klabu ya ushairi iliyoitwa Pléiade du Congo, alikuja kufundisha Lubumbashi, na mwaka 1974 akachapisha utafiti wake juu ya kasala, ushairi wa sifa wa Waluba. Mwaka uliofuata Georges Ngal alitoa Giambatista Viko, riwaya inayomcheka msomi wa Kiafrika anayetamani kupora utamu wa masimulizi ya mdomo ili aandike riwaya bora. Ilichapwa Lubumbashi hapo hapo. Wasomaji wa chuo waliisoma huku wakiuliza kwa chinichini ni mwenzao gani aliyelengwa, na riwaya gani itauza vizuri kampasi kuliko ile inayomsema jirani?

Mudimbe aliondoka nchini mwishoni mwa muongo huo akahamia Marekani, na katika The Invention of Africa, kitabu chake cha 1988, alilipa jina lile rundo zima la maandishi ambayo Ulaya ilikuwa imeandika juu ya Afrika: maktaba ya kikoloni. Mtu aliyekulia katika seminari za Katanga, ambako rafu zote zilipangwa na wengine, alikuwa na haki ya kuliita hivyo.

Mjini, nje ya kampasi, watu walikuwa na maktaba yao ya ukutani. Wachoraji waliuza picha ambazo familia zilizitundika sebuleni na kuziita ukumbusho: gereza la wakoloni, Lumumba akisafirishwa, treni, mamba muntu yaani nguva. Mashuhuri kuliko wote, Tshibumba Kanda Matulu, alimchorea Fabian historia nzima ya Kongo katika picha 101, kazi iliyofanyika mwaka 1973 na 1974. Nyingi zina maandishi ndani yake, Kifaransa kwa Kiswahili, na mgeni aliyekaribishwa kiti aliyasoma, akauliza, akaelezwa. Tshibumba mwenyewe alijiita mwanahistoria. Alikuwa amesoma vitabu vya shule, amesikiliza redio na wazee, kisha akavirekebisha vitabu pale alipoona vimedanganya.

Nao wachezaji wa Mufwankolo, kundi la mchekeshaji Odilon Kyembe Kaswili, waliwafurahisha watu redioni na jukwaani kwa Kiswahili cha mtaani bila maandishi yoyote mkononi. Walianza na wazo, labda msemo tu, wakabishana juu yake mazoezini mpaka mchezo ukasimama. Mwaka 1986 Fabian alifuatilia kazi hiyo tangu neno la kwanza hadi onyesho, akaona jinsi kila mchezaji alivyokuwa msomaji na mwandishi wa maandishi yasiyokuwepo.

Halafu shaba ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mei 1990 askari waliwashambulia wanafunzi usiku katika kampasi ya Lubumbashi, na misaada ya nje ikakatwa. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai, ambako kulikuwa na walimu na makarani wengi, zilifukuzwa Katanga. Aliyelala stesheni majuma akisubiri treni hakubeba kabati la vitabu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliachishwa kwa mpigo katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Jarida la kampuni, shule za kampuni, mshahara uliolipia kitabu cha mtoto, vyote viliyumba pamoja.

Hapo desturi ya zamani ya kupokezana na kusimuliana ilirudi kazini. Chuoni mwanafunzi hakununua kitabu. Alinunua syllabus, muhtasari wa profesa uliotolewa fotokopi, na mara nyingi hata huo walichangiana. Riwaya ilikatwa uti wake ili itolewe nakala vizuri, ikarudishwa kwa mwenyewe ikiwa imefungwa kwa uzi. Aliyekuwa na nakala safi ya Mudimbe alikuwa tajiri wa aina yake, na aliiazimisha kwa masharti. Wasiobahatika walisimuliwa. Katika Lubumbashi mtu anaweza kuijua riwaya sura kwa sura, akaitetea kwa nguvu, na baadaye sana ndipo akagundua kwamba hajawahi kuifungua. Wapenda vitabu wa miji yenye maktaba nono hulicheka jambo hilo. Wanacheka bila sababu: wengi wao wana vitabu walivyovifungua na hawawezi kuvisimulia.

Leo wasomaji wana Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, chenye maktaba yake. Wana duka la Médiaspaul, la masista na mapadri, ambako riwaya hukaa karibu na katekisimu. Wana mitumba inayotandazwa chini mjini, kamusi ya mwaka 1960 ubavuni mwa mwongozo wa kompyuta iliyokwisha kufa. Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, waliokuwa kati ya waanzilishi wa kituo cha Picha na wa maonyesho ya kimataifa ya sanaa yaliyoanza 2008, wameleta wageni na vitabu vyao. Mudekereza mwenyewe ni mwandishi. Na simu imechukua kazi ya fotokopi: faili moja huzunguka kikundi kizima kabla ya jua kuzama, na pamoja nayo ujumbe wa sauti wa dakika tano, kwa Kiswahili, wa mtu anayeeleza kwa nini sura ya tatu inachosha.

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa katika mji huu mwaka 1981 na kusomea fasihi katika chuo chake. Amesema kwamba utotoni alitaka kupiga saksafoni. Saksafoni haikupatikana, akaamua kuandika kana kwamba anaipuliza. Riwaya yake Tram 83 ilitoka mwaka 2014, ikashinda tuzo ya Etisalat. Mhusika wake Lucien ni mwandishi anayezunguka na maandishi yake katika mji wa migodi uliojaa walanguzi, wanafunzi waliogoma na watalii wa kila aina, na anapojaribu kuyasoma ndani ya baa hapati makofi. Mujila, anayeishi Graz nchini Austria, husoma kazi zake jukwaani kwa kupaza sauti na kunong'ona, mara nyingi akiandamana na mpiga muziki. Watu wa Ulaya huona ni ubunifu mpya. Wanaotoka mitaa ya Katuba au Kenya hawashtuki.

Riwaya yake ya pili, La Danse du vilain ya mwaka 2020, inarudi Lubumbashi ya siku za mwisho za Mobutu, kwa watoto wa mitaani wanaolala karibu na Posta na wachimba almasi waliovuka kwenda Angola. Ndani yake yumo pia Mzungu, mwandishi kutoka Austria, anayehangaika kuandika riwaya kubwa juu ya Afrika. Imeandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa Paris, kwa bei ambayo mwalimu wa mtaa wa Ruashi hawezi kuitoa mfukoni bila kujiuliza mara mbili. Kwa hiyo hatainunua. Ataipata kwenye simu au ataiazima, na akifika kwenye ukurasa wa Mzungu huyo atamwita mtu aliye karibu ili amsomee.